Mtihani wa Njaa

1

Chupa saba zilipaswa kuwa zimekufa tangu Jumanne.

Hidaya Ijengo alikuwa amezipanga kwenye ubao mweupe karibu na dirisha la maabara. Ndani ya kila chupa kulikuwa na maji, chumvi kidogo, na kipande cha nta kisichozidi ncha ya kidole. Kitu kingine hakikuwemo, na huo ndio uliokuwa mtihani wenyewe: bakteria wa Kituo cha Tisa hupewa nta yote wanayoitaka, wakanyimwa posho, na siku ya tano ikifika wawe wamekufa wote. Leo ilikuwa siku ya tisa. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na nta ilikuwa imeliwa kando kando mpaka ikabaki na vitundu.

Yoramu Msengi, msimamizi mkuu wa uzalishaji, alisimama mbele ya ubao huo mikono ikiwa nyuma, kama alivyozoea kusimama tangu alipokuwa kiranja mkuu wa shule ya bweni, miaka arobaini na miwili iliyopita.

"Maji uliyachemsha?" aliuliza.

"Mara mbili, Mzee."

"Na chupa?"

"Zote zilipita kwenye mvuke. Halafu tazama hii ya nane, pembeni. Nimeitia mbegu ya asili kutoka jokofuni. Imekufa siku ya nne, kama inavyotakiwa."

"Mwongozo unataka upime mbegu ya jokofuni peke yake."

"Ndiyo, Mzee. Niliimaliza mapema, nikaona nijaribu na ya matangi."

Msichana huyu alikuwa na wiki tano tu kazini. Msengi alitaka kumkemea kwa kutoka nje ya mwongozo, akakuta kemeo halina pa kukaa. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wamepima wale waliolala kwenye barafu, na wale waliokuwa wakifanya kazi hawakupimwa hata siku moja.

Alichukua chupa ya kwanza akaiinua kwenye mwanga. Nje ya dirisha, bomba la zamani lilikatiza nyika likielekea baharini, limezikwa nusu, likionekana kama kovu refu. Mafuta hayakuchomwa tena popote duniani. Siku mitambo ya kupasha bomba joto ilipozimwa, mafuta yaliyokuwa safarini yaliganda humo humo yakawa nta, kilomita elfu moja na zaidi. Walioliacha waliiona ni taka. Kizazi kilichofuata kikatengeneza kiumbe wa kuila.

Kiumbe huyo alikuwa mdogo na mwenye adabu ya ajabu. Kimeng'enya chake kilishika ncha ya mnyororo wa nta kikabandika oksijeni, kikabandika tena, mpaka ncha zote mbili zikageuka asidi. Kazi ambayo zamani ilihitaji tanuru na sumu, yeye aliifanya katika joto la maji ya kuoga. Kutokana na asidi hiyo vilipatikana mabomba ya maji, meno ya mashine, na uzi wa kushonea majeraha uliotumika katika hospitali za nchi nne.

Waliomtengeneza hawakuwa wapumbavu. Walimnyang'anya uwezo wa kujitengenezea kiungo kimoja cha uhai, histidini, ambacho hakipatikani ndani ya nta. Ilibidi apewe kwa mkono, kwa kipimo, kutoka kwenye magunia ambayo wafanyakazi waliyaita posho. Akitoroka, angekufa njaa huku nta imemzunguka. Kamba ya kumfungia ilikuwa hiyo tu.

"Zimetoka matangi yapi?" Msengi aliuliza.

"La kwanza mpaka la saba, Mzee. Nilianza na la nne, maana ndilo lenye bendera."

Aliirudisha chupa mahali pake taratibu, kitako chake kikatoshea sawasawa kwenye alama ya maji iliyokuwa ubaoni.

2

Saa kumi na mbili kamili asubuhi zamu tatu hukutana ukumbini: inayotoka, inayoingia, na inayopumzika ambayo hutakiwa kuhudhuria. Msengi ndiye aliyeweka utaratibu huo. Ndiye pia aliyezipa zamu majina ya milima, Hanang, Meru na Rungwe, kama mabweni ya shule yake, akaikabidhi kila moja matangi yake, na ndiye aliyetundika ukutani bendera ya kijani iliyokwenda kila mwezi kwa zamu iliyotumia posho kidogo kuliko wenzake kwa kila tani ya asidi.

Gidamis, msimamizi wa zamu ya Hanang, alikuwa akisoma taarifa kwa sauti ya mtu anayejua ameshinda. Alikuwa Mbarbaig mrefu, mtoto wa wafugaji, na bakteria aliwaita mifugo.

"Tangi la nne limekula robo ya kipimo cha mwongozo. Robo. Ndugu zetu wa Rungwe bado wanamwaga posho kama wameoa kwa mwenye ghala."

"Nyie mnawabana mpaka wanatoka mbavu," alijibu mtu wa Rungwe kutoka nyuma. "Siku wakipata miguu, wa kwanza kupigwa ni wewe."

Watu wakacheka. Msengi hakucheka.

"Gidamis, mlifikaje kwenye robo?"

"Pole pole, Mzee. Unapunguza kijiko, unangoja. Tangi linalegea siku mbili tatu, povu linashuka, ukilisikiliza utadhani limekwisha. Halafu linaamka. Likiamka, linakuwa limezoea. Kwetu ng'ombe aliyevuka kiangazi kibaya ndiye unayemwachia azae."

"Na tangi likishinda?"

Gidamis alimtazama kama mtu anayeulizwa jina lake na baba yake. "Si uliagiza mwenyewe, Mzee? Tangi lililoshinda ndilo linalotoa mbegu ya matangi yote."

Ukumbi uliendelea na mambo yake. Msengi alikaa kwenye benchi la mbele, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, akaanza kuhesabu. Mara moja kila mwezi, kwa miaka kumi na mmoja. Mara mia moja thelathini na mbili alikuwa amewapanga bakteria kwa ustahimilivu wa njaa, akamchagua mwenye kustahimili zaidi, akamwamuru ajaze kituo kizima. Wale waliodhoofika bila posho, yaani wale waliokuwa bado wamefungwa, aliwamwaga. Nta ya bomba huja na bakteria wa porini waliojificha ndani yake, na viumbe hawa hupitishiana vipande vya urithi kama wanafunzi wanavyopitishiana majibu chini ya dawati. Palipo na posho tele, jibu la kujitengenezea histidini halikuwa na thamani. Yeye ndiye aliyeifanya njaa kuwa mtihani, kisha akawatunuku walionakili.

Hidaya alikuja akasimama kando yake. "Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "machicha ya matangi yanakwenda wapi?"

Machicha yalikuwa miili ya bakteria waliochoka. Yalianikwa juani siku mbili, yakapewa vijiji bure kuwa mbolea. Hayakupitishwa kwenye mvuke. Mwongozo ulisema njaa ingemalizia kazi.

3

Kijiji cha Mtisi kilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari, na walifika kabla jua halijawa kali. Kwenye kisima pampu ilisimama kimya, mpini umefungwa kwa waya. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu alikuwa ameketi kwenye kiunzi cha saruji, akichambua mbaazi mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kuzichambulia.

"Shikamoo, Bibi," alisema Msengi.

"Marahaba. Kama mmefuata maji, nendeni Ilongo. Saa mbili kwa miguu. Nyie mna gari, mtawahi."

"Tumemfuata mtunza pampu."

"Hayupo. Nilikuwa mimi." Alipukuta maganda kwenye kanga. "Sekunda Mghanga. Miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita wameniondoa."

Hidaya aliuliza sababu. Bi. Sekunda aliingia nyumbani kwake, hatua chache kutoka hapo, akatoka na kopo. Ndani yake kulikuwa na kitu cheupe chenye mabonge kama maziwa ya mgando, chenye harufu kali kidogo ya sabuni iliyochacha.

"Hiyo ndiyo grisi yangu. Nilipaka nyekundu safi, ya dukani, kabla ya msimu wa kupanda. Wiki ya tatu pampu ikaanza kulia. Fundi akafungua, akakuta hiyo. Ekseli imekatika. Wakasema nimeuza grisi ya kijiji nikapaka samli." Alitamka neno la mwisho bila kupandisha sauti. "Samli. Mimi sina hata mbuzi."

Shamba lililopakana na kisima lilikuwa limemwagwa machicha. Msengi aliyatambua kwa rangi yake ya kijivu. Upepo ungeweza kuyafikisha kwenye pampu, na kwato, na mikono ya watoto. Nta na grisi ni ndugu wa damu. Mwenye kuila moja huila nyingine.

"Fundi aliyefungua ni nani?" aliuliza.

"Kijana wa serikali, ana pikipiki. Anazunguka visima vyote vya huku. Alipotoka hapa alikwenda Ilongo, wakamwita tena na ng'ambo ya korongo."

"Kwa spana zile zile."

"Ulitaka abadili spana?" Bi. Sekunda alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa, kofia, shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. "Nyie ni watu wa kiwandani."

"Ndiyo, Bibi."

"Mmekuja kutengeneza?"

Msengi alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la kweli, lakini alijisikia akisema, "Tunachunguza kwanza." Kwenye gari hakumwangalia Hidaya mpaka walipofika getini.

4

Mkurugenzi wa kituo, Mama Kasanda, aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Kisha alimwomba Hidaya awapishe.

"Kaa, Bwana Msengi."

"Nitasimama."

"Sawa. Nisikilize ukiwa umesimama. Mbegu ya asili tunayo, iko salama jokofuni. Tunapiga mvuke tangi moja moja, wiki tatu, tunaandika ni usafi wa kawaida. Tunapanda upya. Bendera inashuka, posho inarudi kwenye kipimo. Machicha tunayachoma. Vijiji vyote tunavipelekea grisi ya silikoni, ambayo hawa hawawezi kuila, tunaiita msaada. Maji yanarudi. Niambie nimesahau nini."

"Umesahau kusema."

"Nikisema, sheria ya viumbe waliohaririwa urithi inafunga kituo siku hiyo hiyo. Uchunguzi ni miaka miwili, ukienda vizuri. Nina watu mia tisa. Kuna hospitali zinashona watu kwa uzi wetu na hazina uzi mwingine. Wewe Septemba unastaafu, Bwana Msengi. Unatoka na ukweli wako mkononi, mimi nabaki na mageti yenye minyororo. Nionyeshe mtu mmoja atakayeumia kwa njia yangu."

"Sekunda Mghanga."

"Tutampa kazi hapa. Nzuri kuliko ile."

"Hakuomba kazi. Ameitwa mwizi."

Mama Kasanda aliegemea kiti. "Kwa hiyo ni kwa ajili yake, au kwa ajili yako?"

Swali hilo lilimwingia. Akiwa kidato cha tano aliwahi kulitaja bweni zima kwa mwalimu wa zamu kwa sababu ya mikate iliyoibwa stoo. Alisifiwa mstarini. Vijana arobaini walilala siku mbili bila chakula, na kati yao walioiba walikuwa watatu. Kisa hicho alikuwa amekisimulia mara nyingi, kwa wanawe na kwa zamu mpya, kama mfano wa msimamo. Hakuwahi kujiuliza ni nani aliyelipia msimamo ule. Sasa alisimama kwenye zulia la ofisi akijipima: kama alichokuwa akikililia kilikuwa usafi wa dhamiri yake, basi mama huyu alikuwa na haki, na mia tisa walikuwa bweni jingine.

Alikaa.

"Niache mimi pembeni," alisema pole pole. "Mwache na Bi. Sekunda. Mfikirie yule fundi. Ana spana moja na visima sitini. Utampelekea grisi ya silikoni, atashukuru, ataipaka. Lakini spana hataichemsha, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kesho atafungua trekta. Keshokutwa jenereta ya zahanati. Mtu akiuziwa trekta hiyo akaenda nayo mkoa mwingine, sisi hatutajua, na huko hatukupeleka msaada. Grisi tunaweza kuigawa kwa siri. Tahadhari haigawiki kwa siri. Mtu hawezi kujihadhari na kitu ambacho hajaambiwa kipo."

Mama Kasanda aligeuza kiti akatazama dirishani. Matangi kumi na mawili yalikuwa yakipumua pale nje, kila moja na wingu lake dogo.

"Ungeniambia tu kwamba uongo ni dhambi," alisema hatimaye, "ningekushinda."

"Najua."

"Na bendera utaiandikaje?"

"Kama ilivyokuwa. Taarifa ya wakaguzi nimekwisha iandika: jina langu, tarehe niliyoianzisha, na agizo la mbegu. Juu ya sahihi yangu nimeacha nafasi ya sahihi yako."

"Sitasaini, Bwana Msengi. Nina watoto wa watu." Akafuta uso kwa kiganja. "Wala sitakuzuia. Tuma."

5

Aliisoma taarifa mwenyewe ukumbini, saa kumi jioni, kabla wakaguzi hawajafika. Aliisoma kama zinavyosomwa taarifa zote za zamu, kuanzia tarehe hadi sahihi. Alipomaliza hakuna aliyeuliza habari za mishahara. Waliokuwa mbele walitazama viatu vyao.

Gidamis ndiye aliyesimama.

"Mzee, Hanang tumeshinda mara hamsini na moja. Kuna watu hapa walikosa kuzika jamaa zao wasiharibu hesabu ya mwezi. Sasa unatuambia tulikuwa tunashinda nini?"

"Mlifanya nilichowaagiza," alisema Msengi, "na mlikifanya vizuri kuliko nilivyotazamia. Kosa liko kwenye agizo."

"Hilo tumelisikia ukilisoma. Nakuuliza mimi, sijaiuliza karatasi."

Msengi alikunja karatasi akaiweka mfukoni. "Mlikuwa mnakata kamba, Gidamis. Kijiko kwa kijiko. Nami nilikuwa nawapigia makofi."

Yule mtu mrefu alitikisa kichwa, mara moja, kama aliyekabidhiwa mzigo akajua uzito wake. "Basi mifugo hii chinja mwenyewe," alisema. "Mimi mkono wangu hauendi."

Vali za mvuke zilikuwa za kuzungushwa kwa mkono, gurudumu pana kama sinia, mizunguko thelathini kila moja. Waliojenga kituo hawakutaka mtu azifungue kwa bahati mbaya. Msengi alivua kofia akaanza na tangi la kwanza. Mvuke ulipoingia, povu lilipanda ghafla nyuma ya kioo, likageuka kahawia, likazama. Harufu ya nyama iliyochemshwa ilitanda uwanja mzima. Tangi la pili. La tatu. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mabega yalianza kumkumbusha.

Kwenye tangi la nne alikuta mikono mingine imeshika gurudumu.

"Hili letu," alisema Gidamis, bila kumtazama. Hidaya alikuwa upande wa pili, ameshika pia. Walizungusha pamoja, na hapakuwa na mtu aliyehesabu mizunguko kwa sauti. Ilipofika zamu ya la tano, watu wa Rungwe walikuwa wamekwisha lianza.

6

Mkutano wa Mtisi uliitishwa Jumatano, chini ya bati la ghala la mazao. Mkaguzi mmoja alifika na makopo ya grisi ya silikoni na jiko la kuchemshia spana. Yule fundi kijana alikaa kwenye pikipiki yake, akiviangalia vyombo vyake vikitokota. Msengi hakuletwa na mtu. Aliomba nafasi ya kusema, mwenyekiti akampa.

Alieleza kwa maneno ambayo mtoto angeweza kuyafuata. Kwamba kiwanda hufuga viumbe wasioonekana, wanaokula nta. Kwamba walikuwa wamefungwa, na yeye aliwafungua bila kujua, kwa kupenda mashindano. Kwamba walikuja na machicha, wakaila grisi ya pampu. Kwamba iliyoonekana kama samli ilikuwa grisi ile ile nyekundu, imekwisha liwa. Kwamba Sekunda Mghanga hakuuza kitu, hakuchanganya kitu, na kwamba kama pampu ingekuwa mikononi mwa mtu mzembe, ingekufa wiki mbili mapema.

Kisha alimgeukia. "Bibi, nilipokuja mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha jua. Nikakwambia tunachunguza. Naomba unisamehe kwa hilo pia."

Mwenyekiti alikohoa, akasema kwamba kijiji kimesikia, kwamba mambo ya kitaalamu ni magumu, na kwamba Bi. Sekunda atarudishiwa ufunguo wa pampu. Watu wachache walipiga makofi. Watu wakaanza kuinua viti vyao.

"Ngojeni," alisema Bi. Sekunda.

Hakuinuka. Alikuwa akihesabu, kidole kikitembea hewani kutoka kichwa hadi kichwa, bila haraka, mpaka mstari wa mwisho.

"Arobaini na tatu," alisema. "Siku mliyoniita mwizi hapa palijaa, wengine walisimama kule kwenye mtama. Palikuwa na watu wa Ilongo. Mwanangu wa kike alikuwepo na wakwe zake." Akamgeukia Msengi. "Leo ni Jumatano, watu wako shamba. Wewe umesema vizuri, baba. Lakini umewaambia arobaini na tatu."

Katika maisha yake Msengi alikuwa amekiri kosa mara chache, na kila mara aliamini kwamba kukiri mara moja, waziwazi, kwa sauti iliyonyooka, kunatosha.

"Unataka nirudi lini, Bibi?"

"Ijumaa wakitoka msikitini. Na Jumapili wakitoka kanisani. Na Ilongo siku ya mnada."

"Nitafika siku zote tatu."

"Haya." Bi. Sekunda aliinuka, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaketi tena kama mtu asiye na safari. "Na hapa simama uanze tena. Wale wa nyuma walikuwa wanaongea."

Waliokuwa wameinua viti waliviteremsha. Yoramu Msengi alisimama, akasafisha koo, akaanza mwanzo.